Uji: Mji wa Japani unaoishi kwa chai kidogo yenye jina kubwa

MKENYA akiambiwa kuna mji uitwao Uji, swali la kwanza atakalouliza ni kama ni uji wa wimbi au wa mtama. Ndivyo nilivyotaniwa na wenzangu mnamo Mei 2025 nilipowaarifu kwamba baada ya kuzuru Maonyesho ya Dunia (Expo) jijini Osaka, ningechepuka siku mbili kwenda kujionea mji huo.

“Usisahau kijiko,” mmoja wao akaniandikia.

Uji huu, msomaji, haunywewi. Ni mji wa watu wapatao 180,000, ulioko kusini mwa Kyoto, jiji lililokuwa makao ya wafalme wa Japani kwa zaidi ya miaka 1,000. Hauna bahari. Upande mmoja umeegemea vilima vya kijani, na katikati yake hupita mto mpana wenye maji ya kasi. Kilichoupatia sifa ni kitu kimoja: chai.

Mimi ni mtoto wa mkulima wa majanichai. Nimelelewa katikati ya michai, kikapu mgongoni, na karo yangu ya shule ilitegemea bonasi ya Oktoba. Kwa hivyo sikwenda Uji kupiga picha tu. Nilikuwa na swali lililokuwa likinikera kwa miaka mingi.

Kenya huuza ng’ambo chai nyeusi nyingi kuliko taifa lingine lolote duniani. Huvuna zaidi ya tani 500,000 kwa mwaka. Japani nzima, katika miaka ya karibuni, haijafikisha tani 80,000, na mkoa wa Kyoto ulio na mji wa Uji hutoa kama asilimia tatu au nne tu ya hizo. Inakuwaje basi jina la Uji litajwe kwa heshima na wanywaji wa chai kote duniani, ilhali jina la Kericho, Murang’a au Nyamira ni nadra kuliona kwenye pakiti iliyo mezani pa Mzungu au Mpakistani?

DAKIKA 20 KUTOKA KYOTO

Kufika Uji si kazi. Kutoka stesheni kuu ya Kyoto unapanda garimoshi la reli ya Nara. Likiwa la mwendo wa haraka linakufikisha kwa dakika 20 hivi. Likiwa la kusimama kila kituo, karibu nusu saa. Nauli ilikuwa yen 240, yaani kama Sh215 za Kenya.

Mwenyeji wangu alikuwa kijana kutoka Bomet anayesomea uhandisi jijini Kyoto, ambaye alijitolea kunitafsiria. Tulipotoka tu stesheni alinionyesha sanduku la posta. Ni kubwa, lenye umbo la mtungi wa kuhifadhia chai, tumbo nene na shingo fupi. Si pambo. Watu hutia barua humo, na posta huja kuzichukua.

Mitungi ya namna hiyo ndiyo iliyobeba sifa ya Uji enzi hizo. Kuanzia mwaka wa 1633, watawala wa kijeshi wa ukoo wa Tokugawa walikuwa wakituma kila mwaka msafara rasmi wa kuchukua chai ya Uji na kuipeleka Edo, jiji ambalo leo ni Tokyo, umbali wa karibu kilomita 500. Mitungi hiyo ilitukuzwa kama bwana mkubwa anayesafiri. Aliyeikuta njiani alitakiwa kupisha na kupiga magoti. Desturi hiyo iliendelea hadi miaka ya 1860, utawala wa ukoo huo ulipofika ukingoni.

Jambo la pili linalomlaki mgeni ni harufu. Katika barabara inayoelekea hekalu la Byodoin, maduka ya chai yamepangana mkono wa kushoto na wa kulia, na baadhi yana mashine ndogo mlangoni zinazokaanga majani. Chai hiyo ya kukaangwa huitwa hojicha. Harufu yake inakaribia ile ya njugu zinazochomwa kando ya barabara zetu jioni, nayo hukufuata hadi mtoni.

La tatu ni utulivu. Kyoto ilikuwa imefurika watalii kiasi cha kusukumana kwenye mabasi. Uji nako hupata wageni wake, ila wengi huja asubuhi na kurejea kabla ya jua kutua. Ilipofika saa kumi na mbili jioni, maduka mengi yalikuwa yamefungwa. Kilichobaki kusikika ni mvumo wa mto na kengele ya baiskeli ya mtoto anayetoka shule.

DUKA LA MWAKA WA 1160

Daraja la Uji ni miongoni mwa madaraja yanayotajwa mapema zaidi katika historia ya Japani. Inasemekana lilijengwa mara ya kwanza mwaka wa 646. Limeharibiwa na mafuriko na vita mara nyingi, na hili la sasa lilikamilika mwaka wa 1996. Sehemu moja ya ukingo wake imechomoza kama kibaraza juu ya maji. Wenyeji husimulia kwamba Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa karne ya 16 aliyependa mno sherehe za chai, alikuwa akiagiza achotewe maji ya chai yake hapo. Hadi leo, kila Oktoba mji unapoadhimisha tamasha la chai, watu waliovalia mavazi ya kale huteremsha ndoo kutoka kwenye kibaraza hicho na kuteka maji.

Kwenye kona ya daraja kuna duka la chai liitwalo Tsuen, ambalo huhesabu mwanzo wake kuwa mwaka wa 1160. Vasco da Gama alikuwa bado zaidi ya miaka 300 kabla ya kutia nanga Malindi! Mwanzoni familia hiyo ililinda daraja na kuwahudumia wapita njia, kisha chai ikawa ndiyo kazi yake. Jengo la sasa ni la mwaka wa 1672, la mbao zilizopauka kwa umri. Ndani wanauza chai kama kawaida, na mteja haingizwi kwa mbwembwe yoyote.

Chai yenyewe Japani iliifahamu kutoka China tangu zamani. Lakini kilimo chake kilipata nguvu baada ya mtawa wa Kibudha, Eisai, kurejea na mbegu kutoka China mwaka wa 1191. Mtawa mwingine, Myoe, ndiye anayetajwa kuzifikisha Uji. Husimuliwa kuwa wakulima hawakujua waache nafasi gani kati ya mbegu na mbegu. Myoe akapitisha farasi wake shambani, akawaambia wapande panapoonekana alama za kwato. Mbele ya lango la hekalu la Manpukuji, mjini humo humo, kuna jiwe la kumbukumbu ya kisa hicho.

HEKALU LILILO MFUKONI

Huwezi kufika Uji ukaondoka bila kuona Byodoin. Hata asiyewahi kulisikia hekalu hili hulibeba mfukoni akiwa Japani, kwa kuwa ndilo lililochorwa kwenye sarafu ya yen 10.

Hapo awali palikuwa nyumba ya mapumziko ya Fujiwara no Michinaga, mwanasiasa aliyekuwa na nguvu kuliko wote wa enzi zake. Mwanawe, Yorimichi, aligeuza boma hilo kuwa hekalu mwaka wa 1052, na mwaka uliofuata likajengwa jumba liitwalo la Feniksi mbele ya kidimbwi. Miti, moto na vita vimepita, majengo mengine yakateketea, lakini jumba hilo lingali limesimama. Ndani yake ameketi Buddha mkubwa wa mbao zilizopakwa dhahabu, kazi ya fundi Jocho, na ukutani kumemzunguka visanamu 52 vilivyokaa juu ya mawingu, vingi vikipiga ala za muziki. Shirika la Unesco liliorodhesha Byodoin kuwa turathi ya dunia mwaka wa 1994.

Ng’ambo ya mto kuna madhabahu ndogo ya Ujigami, ambayo nayo imo kwenye orodha hiyo. Wataalamu walipopima mbao zake waligundua zilikatwa yapata mwaka wa 1060, na hivyo jengo hilo ndilo la kale zaidi la aina yake lililobaki Japani. Uani mwake hububujika chemchemi iitwayo Kirihara. Zamani Uji ulijivunia chemchemi saba mashuhuri za maji ya chai. Hii ndiyo ya pekee iliyosalia.

Kandokando ya mto ameketi pia mwanamke wa jiwe, karatasi mkononi. Huyo ni Murasaki Shikibu, mwandishi wa Hadithi ya Genji, riwaya ya mapema karne ya 11 ambayo sura zake kumi za mwisho zinatokea Uji. Vijana wa leo nao wana lao. Mnamo Oktoba 2024 kampuni ya michezo ya video ya Nintendo ilifungua jumba lake la makumbusho hapa, katika kiwanda chake cha zamani mtaani Ogura.

CHAI YA KULAMBA

Sasa tuingie kilichonipeleka.

Manispaa ya Uji ina nyumba yake ya chai, Taihoan, karibu na Byodoin, ambako mtu yeyote anaweza kuandaliwa chai kwa taratibu za jadi bila kuwa mwanachama wa chochote. Tulivua viatu, tukaketi kwenye mikeka. Mama aliyevalia kimono alituletea kwanza kipande cha kitu kitamu kilichotengenezwa kwa maharagwe. Hicho huliwa chote kabla ya chai. Kisha akaleta bakuli la matcha, unga wa chai uliopigwa kwa kifagio cha mwanzi hadi ukatoa povu la kijani kama majani ya mgomba.

Bakuli hupokewa kwa mikono miwili, likazungushwa kidogo ili mgeni asinywee upande wa mbele uliopambwa. Hakuna sukari wala maziwa. Ladha yake inagonga ulimi kwa uchungu, kisha utamu unafuata polepole na kukaa kooni. Pale ndipo nilipoelewa kazi ya kile kipande cha maharagwe.

Katika duka moja la barabarani tuliagiza gyokuro, chai ya majani yenye bei ya juu. Tulipewa birika dogo lisilo na mshikio, linaloenea kwenye kiganja. Maji ya moto hayamiminwi moja kwa moja. Yalihamishwa kutoka chombo hadi chombo mpaka yakapoa kufikia nyuzi 50 au 60 hivi, ndipo yakatiwa kwenye majani. Tukangoja dakika mbili. Kilichotoka hakikuzidi vijiko viwili vya chakula.

“Mzee, hapa chai hainywewi kama kwetu,” kijana wa Bomet akaninong’oneza. “Hii unailamba.”

Nililamba. Ilikuwa nzito kama mchuzi wa kuku wa kienyeji uliochemka usiku kucha, bila chumvi wala kuku. Tulipoongezewa maji mara ya pili na ya tatu, ladha ilibadilika na kuwa nyepesi, yenye uchungu kiasi. Mwishowe tuliletewa mchuzi mdogo wa soya wenye ndimu, tukala majani yenyewe kama mboga. Hakuna kilichotupwa.

SHAMBA LENYE PAA

Siri ya ladha hiyo iko shambani, na Mei ndio mwezi wake.

Kwetu, kwenye ikweta, mchai huchumwa mwaka mzima. Mkulima hurudi kwenye mstari uleule kila baada ya wiki moja au mbili kuchuma majani mawili na kichipukizi. Uji kuna majira ya baridi, na mchai hulala. Huamka wakati joto linapoanza kurudi, na mavuno ya kwanza huanza karibu na siku ya 88 tangu mwanzo wa majira ya kuchipua kwa kalenda ya zamani, yaani mwanzoni mwa Mei. Mashamba yanayotoa chai bora zaidi huchumwa kwa mkono, mara moja tu kwa mwaka.

Lakini kabla ya kuchumwa, shamba huezekwa. Nililoonyeshwa lilikuwa na nguzo na dari ya nyavu nyeusi, na chini yake palikuwa na giza la chumba kilichofungwa madirisha. Njia ya jadi, ambayo baadhi ya wakulima bado wanaifuata, ni kutandaza mikeka ya matete na kuinyunyizia majani makavu ya mpunga juu yake. Michai hukaa kivulini kwa siku 20 au zaidi.

Inaaminika kwamba desturi hiyo ilianza ili kuukinga mchai dhidi ya jalidi. Baadaye wakulima wakagundua faida nyingine. Mchai ukinyimwa jua hujitahidi kunasa mwanga mdogo uliopo, hivyo jani hutanuka, huwa laini na kujaa rangi ya kijani. Aidha, ndani ya jani kuna kiungo kiitwacho theanini, kinacholeta ule utamu wa supu. Jua likiwaka, theanini hugeuka kuwa viungo vyenye ukakasi. Kivulini, hubaki.

Majani ya matcha yakishachumwa hupashwa mvuke siku hiyohiyo ili yasibadilike rangi, hukaushwa bila kuviringishwa, huondolewa vijiti na mishipa, kisha husagwa kwa jiwe. Jiwe moja la kusagia hutoa gramu 40 hivi kwa saa. Likiharakishwa hupata joto na kuunguza harufu. Kwa hivyo kile kikopo cha gramu 30 unachokiona dukani kimelichukua jiwe dakika 45. Usione vyaelea, vimeundwa.

UJI NDANI YA UJI

Chakula cha hapa nacho kimeingiliwa na chai kila upande. Kuna tambi za kijani zilizokandwa kwa unga wa chai, huliwa zikiwa baridi na kuchovywa kwenye mchuzi. Kuna aiskrimu ya matcha, vidonge vya mchele vilivyochomekwa kwenye vijiti, na barafu iliyokwanguliwa ikamwagiwa sharubati ya chai na maharagwe matamu.

Mlo ulionivutia zaidi hupatikana Manpukuji, hekalu lililoanzishwa mwaka wa 1661 na mtawa Mchina ambaye Wajapani humwita Ingen. Ni mlo wa mboga tupu, uitwao fucha, nao huagizwa mapema. Tofauti na desturi ya Japani ya kila mtu na trei yake, hapa watu wanne huzunguka meza moja na kuchota kutoka sahani moja kubwa, bila wa juu wala wa chini. Mtu wa Pwani aliyezoea kula sinia moja na wenzake hatahitaji kufundishwa. Kulikuwa na tofu ya ufuta iliyoteleza kama faluda, na kipande kilichofanana na samaki kwa ngozi na nyama, kumbe nacho ni cha soya.

Mtawa huyo ameacha jina lake hata sokoni. Maharagwe ya kawaida kwa Kijapani huitwa ingen, kwa kuwa inasemekana ndiye aliyeyaleta.

Na kwa wale walionitania kuhusu kijiko, ninalo jibu. Katika mkoa jirani wa Nara, kiamshakinywa cha jadi ni uji wa mchele unaopikwa kwa chai ya kukaangwa badala ya maji. Ni mwepesi, wa rangi ya udongo, huliwa kwa kachumbari iliyotiwa chumvi. Niliupata asubuhi ya pili. Wazee wetu wangeukubali.

JINA NI MALI

Nilirejea kwenye swali langu mbele ya rafu ya duka la kawaida jijini Kyoto. Niliokota pakiti ya chai nyeusi ya vifuko, ya bei ya chini. Kijana wangu akanisomea maandishi madogo yaliyo nyuma. Kati ya nchi zilikotoka majani hayo, Kenya ilikuwemo, imebanwa katikati ya nyingine. Mbele ya pakiti palikuwa na picha ya kikombe na jina la kampuni.

Chai ya Uji haiwezi kuuzwa hivyo. Wafanyabiashara wa Kyoto wamekubaliana maana ya jina hilo: ni chai iliyokuzwa katika mikoa minne ya Kyoto, Nara, Shiga na Mie, ikatayarishwa na kukamilishwa ndani ya Kyoto na wafanyabiashara wa mkoa huo, ile ya Kyoto ikipewa kipaumbele. Sehemu kubwa ya majani kwa kweli hutoka vijiji vya milimani kama Wazuka, kwa kuwa mashamba ya Uji yenyewe yamemezwa na nyumba. Katika mashamba saba yaliyosifiwa na watawala wa kale, limebaki moja tu, Okunoyama.

Kwa maneno mengine, jani linaweza kutoka kwa jirani. Kinachobaki Kyoto ni ufundi wa kuchagua, kuchanganya, kusaga, kufungasha na kutia jina. Na humo ndimo ilimo faida.

Kwetu mambo ni kinyume. Jani ni letu, lakini sehemu kubwa ya chai hupelekwa Mombasa ikiwa kwenye magunia, pamoja na ya Uganda, Rwanda, Burundi na Tanzania, ikanadiwa na kusafirishwa kwenda kuchanganywa na kufungashwa kwingine. Katika miaka hii ya karibuni kilo moja mnadani imekuwa ikipata wastani wa dola mbili na senti, chini ya Sh300. Mwezi uleule niliokuwa Japani, majani ya kusagia matcha yaliripotiwa kufikia wastani wa zaidi ya yen 8,000 kwa kilo katika mnada wa Kyoto, yaani Sh7,000 na ushei.

Sidai kwamba vitu hivyo viwili ni sawa. Mchai wa Uji huchumwa mara moja kwa mwaka, wetu mara 30 au zaidi. Vibarua wa Japani hulipwa zaidi, na kuezeka shamba ni gharama. Mkulima wa Nyeri akifunika michai yake leo, hatauza matcha kesho. Lakini hesabu hiyo haielezi pengo lote. Tofauti iliyobaki ni jina.

SIFA NAYO INA MZIGO

Hata hivyo, Uji si peponi. Dunia imeingiwa na kiu ya matcha isiyoshibishika. Mwaka wa 2024 Japani iliuza nje chai ya kijani ya thamani ya zaidi ya yen bilioni 36, kiwango ambacho haikuwahi kukifikia. Vuli ya mwaka huo maduka kadhaa ya kale yalilazimika kumwekea mteja kikomo cha vikopo. Nilipozuru, baadhi ya rafu zilikuwa tupu saa nne asubuhi, na kibandiko kikiomba radhi kwa lugha tatu.

Mtu angedhani wakulima wanashangilia. Lakini wengi ni wazee, na vijana wao wamehamia mijini. Mchai mpya huchukua karibu miaka mitano kabla ya kutoa mavuno ya kuridhisha, na hakuna ajuaye kama kiu hiyo itadumu miaka mitano. Wanaochuma kwa mkono ni wachache, wengi akina mama waliopita umri wa kustaafu. Mawe ya kusagia nayo hayakimbizwi.

Mkulima niliyemkuta chini ya dari ya nyavu, mzee mwenye kofia ya majani, aliniuliza kupitia kijana wangu kwetu tunalipwaje. Nilimweleza kwamba mkulima wa kawaida hupata shilingi 20 na kitu kwa kilo ya majani mabichi kila mwezi, kisha hungojea bonasi mara moja kwa mwaka bila kujua itakuwa kiasi gani. Alinyamaza kidogo, akauliza: chai ya kijiji chenu inaitwaje?

Nilimtajia jina la kiwanda chetu. Akafafanua kwamba hakuuliza kiwanda. Aliuliza jina ambalo mnunuzi hulijua.

Kenya haijalala kabisa. Mwaka wa 2011 watafiti wetu walitoa mchai wa zambarau baada ya kazi ya takriban miaka 25, na viwanda kadhaa vimeanza kutengeneza chai ya majani mazima badala ya ile iliyosagwa ya kuuzwa kwa magunia. Lakini mkulima aliyeng’oa michai yake ya kawaida akapanda ya zambarau anajua uchungu wa kukosa kiwanda cha kuipokea. Kupanda ni nusu ya kazi. Kukubaliana juu ya jina, kulilinda dhidi ya wanaoliiga, na kufanya kazi ya mwisho nyumbani ndiyo nusu ya pili, na Uji umeishughulikia nusu hiyo kwa karne kadhaa.

Msomaji mwenye nia ya kuzuru atafanya vyema kwenda mapema asubuhi na kulala angalau usiku mmoja, kwa kuwa mji huu huonekana vizuri wageni wakishaondoka. Katika miezi ya Julai hadi Septemba, jioni kuna wavuvi wanaotumia ndege wa majini kunasa samaki mtoni kwa mwanga wa mienge. Mei, nenda kwa ajili ya chai mpya.

Na wale walio kwenye bodi za viwanda vyetu, wanaosafiri kila mwaka kutafuta masoko, ningewaomba wapitie Uji hata kwa siku moja. Wakae chini, walambe vile vijiko viwili vya chai, kisha wamjibu yule mzee swali lake.